Kutoka Chato hadi Dar es Salaam kwa Mstari Mnyoofu

Mdogo wangu wa kike alipopiga simu kusema ameshakata tiketi za ndege, mama alikuwa barazani kwangu Buseresere anachambua mchele. Nikampa simu aongee naye mwenyewe. Akasikiliza, akaitikia "ee, ee," akacheka kidogo, akanirudishia. Mdogo wangu anaishi Dar es Salaam. Mimba yake ya kwanza ilikuwa imekaribia kutimia na alitaka mama awe karibu naye. Basi lilikuwa halifai tena. Goti la kulia la mama lilivimba tangu msimu wa kupanda mpunga, na daktari alimkataza kukaa saa nyingi bila kunyoosha mguu.

"Tunaondoka Alhamisi ya wiki ijayo, mayu," nikamwambia. Mayu ndivyo tunavyomwita mama kwa Kisukuma. "Tutapandia Chato. Nitakufikisha mpaka kwa binti yako, halafu mimi nitarudi kwa basi."

"Ni mbali kiasi gani?"

"Saa mbili na nusu tu."

Akaweka ungo chini.

"Nimekuuliza umbali," akasema. "Wewe umenijibu muda."

Nikatoa simu tena, nikatafuta. Ikaniletea kilometa zaidi ya elfu moja na mia mbili, pamoja na mchoro wa barabara unaopinda kama utumbo wa mbuzi. Nikamsomea kwa sauti.

"Hiyo ndege inapita barabarani?"

"Hapana, inapita juu. Inakwenda moja kwa moja."

"Basi hiyo si hesabu ya ndege, ni ya basi. Mimi sipandi kitu ambacho mwanangu mwenyewe hajui kinanipeleka mbali kiasi gani. Si unapima mageti ya watu kila siku? Pima na hili."

Akarudi kwenye mchele wake. Kwa upande wake mazungumzo yalikuwa yamekwisha.

Niseme kidogo huyu mama ni nani. Kijijini kwake, nje ya Masumbwe, akichukua kamba watu wanajua kuna shamba linapimwa. Ana kamba ya mkonge yenye mafundo, aliyoisuka mwenyewe, na hakuna mtu wa upande ule anayekata ekari ya pamba au ya mpunga bila kumwita kwanza. Nimewahi kuona ndugu wawili waliokuwa hawasalimiani wakisimama kimya pembeni huku yeye akitembea na kamba yake, na alipotamka idadi ya hatua kila mmoja akaenda zake nyumbani. Hajui kusoma. Lakini ukimtajia namba mara moja, ataitunza kichwani miaka mitano.

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma. Natengeneza mageti, madirisha na vitanda, na nasema bila aibu kwamba kutoka Buseresere hadi Chato mjini hakuna geti langu lililopinda. Mkononi mwangu geti halitoki mpaka nimepima kona hadi kona, mara mbili, na vipimo vyote viwili vimelingana. Kwa hiyo mama aliponiambia nipime, sikuogopa kazi yenyewe. Kilichonisumbua ni ile sauti yake. Nilimjua kwa ukaidi, lakini safari hii sauti ilikuwa na kitu kingine.

Jioni ile nilimkuta jikoni anasonga ugali, nikamuuliza kwa nini umbali umemshika hivyo.

Akautoa mwiko kwanza. Kisha akaniambia habari ambayo sikuwahi kuisikia, ingawa na mimi nilikuwemo ndani yake.

Enzi hizo walikuwa wakiishi kijiji kimoja karibu na Shinyanga mjini. Baba alitangulia kwenda Bulyanhulu kuchimba dhahabu pamoja na wachimbaji wengine wadogo, na alipoanza kupata akarudi kumchukua mkewe. Walipanda lori la pamba hadi Kahama. Kutoka Kahama, baba alisema, ni karibu tu, wala hakuna haja ya kusubiri gari jingine. Mama alikuwa amenibeba mgongoni, nina miezi minane.

"Kila kilima nilimuuliza. Anasema hapo mbele. Tukifika hapo mbele, nauliza tena. Anasema hapo mbele. Jua likazama. Tukalala kwa wafugaji tusiowajua, nikanyonyesha nikiwa sina maziwa, ukalia mpaka mama mwenye nyumba akaamka kukukorogea uji. Asubuhi tukaendelea. Tulifika jioni ya siku ya pili, vidole vyangu vya miguu vimechubuka vyote."

"Ulimlaumu?"

"Baba yako hakuwa mwongo," akasema. "Alikuwa hajapima, basi. Nilipofika nikawauliza watu wote pale machimboni, kutoka Kahama hadi hapa ni mbali kiasi gani? Hakuna aliyejua. Wanaume wazima, wamepita njia ile mara kumi, kila mmoja anasema karibu. Miaka mingi baadaye barabara ilipowekewa vibao ndipo nikaambiwa kumbe ilikuwa kilometa hamsini."

Baba alifariki nikiwa darasa la tano. Namkumbuka kama mtu mchangamfu aliyekuwa na haraka wakati wote. Nilipokuwa nakula ugali ule nilimwona njiani, anatembea mbele, anageuka nyuma na kusema tumekaribia, na mimi nimefungwa kanga mgongoni kwa mama. Nikaamua kwamba jibu nitakalompa mama litakuwa limepimwa kweli, hata likinichukua wiki nzima.

Lilinichukua siku moja.

Asubuhi yake mvua ilikuwa inanyunya na umeme ulikatika, kwa hiyo sikuweza kuwasha mashine. Kwenye kibanda changu cha kazi, juu ya stendi ya kuchomelea, kulikuwa na shiti pana ya chuma ya geti la mwalimu wa hisabati wa sekondari yetu, bado haijapakwa rangi. Nikaifuta vumbi, nikachukua chaki. Simu ilinipa digrii za viwanja vyote viwili, cha Chato na cha Dar es Salaam, jinsi kila kimoja kilivyo kusini na jinsi kilivyo mashariki. Nikaona kwamba Dar iko kusini zaidi ya Chato kwa digrii nne na kidogo, na mashariki zaidi kwa digrii saba na nusu. Katika kitabu cha jiografia cha binti yangu nikakuta kwamba digrii moja ni kama kilometa mia moja na kumi na moja.

Hapo nikaanza kutabasamu peke yangu. Hili lilikuwa geti. Geti lenye kimo cha kilometa mia nne hamsini na mbili na upana wa kilometa mia nane thelathini na sita, na ndege inapita kona hadi kona. Hesabu ile naifanya kila siku ya Mungu. Unazidisha kimo kwa kimo, upana kwa upana, unajumlisha, unatafuta kipeuo cha pili. Nikaandika jibu kubwa katikati ya shiti: Chato hadi Dar es Salaam, 950.

Nilikuwa bado nimeshika chaki mwalimu alipoingia na mwavuli wake.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, fundi. Geti langu limefika wapi?" Kisha akaliona. "Mbona umeniandikia Dar es Salaam mlangoni?"

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, na nadhani alifurahi, maana alisogeza kiti akakaa. Kisha akanyoosha kidole kwenye ile namba ya upana.

"Hapa umekosea. Kidogo, lakini umekosea."

"Nimerudia mara tatu."

"Kuzidisha hujakosea. Umekosea dunia. Umeichukulia kama shiti hii, imenyooka." Akafungua mwavuli wake mle mle kibandani, matone yakaturukia. "Tazama mbavu hizi. Huku chini kwenye pindo zimeachana sana, sivyo? Sasa panda nazo kuelekea juu. Zinasogeleana, mpaka pale kileleni zinakutana. Mistari ya digrii za mashariki ndivyo ilivyo. Kwenye ikweta imeachana kilometa mia na kumi na moja. Ukiondoka ikweta, kwenda kusini au kaskazini, inabanana."

"Kwa hiyo digrii zangu saba na nusu si ndefu kama nilivyodhani."

"Ndiyo. Ila sisi tuko karibu na ikweta, kwa hiyo zimepungua kidogo sana. Zidisha na kosaini ya katikati ya safari."

Kosaini niliiacha kidato cha nne, na sikuwahi kuirudia. Yeye akaipata kwenye simu yake, akanitajia, mimi nikazidisha. Upana ukawa mia nane thelathini na tatu. Nikarudia hesabu ya kona hadi kona, tukapata mia tisa arobaini na nane. Mwalimu akainua nyusi, akaniambia wanafunzi wake wa kidato cha tatu wangekuwa na moyo kama wangu angelala usingizi mzuri. Nikamwomba mwavuli wake niutumie mpaka kesho. Alicheka, lakini mvua ilishaacha, akaniachia.

Mama nilimkuta kitandani amenyoosha mguu.

"Kilometa mia tisa arobaini na nane," nikasema. "Kwanza nilipata mia tisa hamsini, nikasahihishwa."

"Hizo mbili zimekwenda wapi?"

Nilijua atauliza. Nikafungua mwavuli mbele yake na kumweleza kama nilivyoelezwa. Akapitisha vidole kwenye mbavu mbili, kutoka pindoni hadi kileleni, taratibu, kisha akarudia mbavu nyingine mbili, kama vile huenda hizo zingekuwa tofauti.

"Kumbe shamba lenyewe limeinama," akasema. "Haya. Sasa nigawie kwa ile safari yangu ya Kahama. Siku mbili, kilometa hamsini."

Nikagawa. "Siku thelathini na nane, mayu. Za kutembea na mtoto mgongoni."

 Niliona midomo yake inacheza, anazipanga zile siku moja moja.

"Nitakwenda," akasema.

Alhamisi tulifika uwanjani Chato mapema kuliko baadhi ya wafanyakazi wa pale. Na mimi ilikuwa mara yangu ya kwanza kupanda ndege, ila nilijitahidi kutembea kama mtu aliyezoea. Mama alivaa kitenge chake kipya, na kwa sababu ya goti walimpa kiti cha mbele dirishani. Ndege ilipoanza kukimbia alinishika mkono kwa nguvu. Ilipoacha ardhi akauachia, akageukia dirisha, na hakuniangalia tena. Chini tuliona mapaa ya bati, kisha ziwa, kisha visiwa vidogo ambavyo hata hatukujua kama vipo. Nilikuwa nimeshiba amani. Nilikuwa nimempimia mama yangu mbingu.

Hatukumaliza hata nusu saa, ndege ikaanza kushuka.

"Tumefika?" mama akauliza.

Kabla sijajibu, sauti ikatangaza kwamba tunakaribia kutua Mwanza.

Mama akanigeukia polepole.

"Mwanza iko kwenye mstari wako?"

Haikuwa kwenye mstari wangu. Iko kando, juu yake, na nilijua vizuri iko wapi kwa sababu nimekwenda Mwanza mara nyingi kununua vyuma. Nikafungua tiketi kwenye simu, nikakuta imeandikwa wazi kabisa, Chato, Mwanza, Dar es Salaam. Nilikuwa nimesoma saa ya kuondoka na saa ya kufika, nikaridhika. Ningejiuliza hata swali moja, kwamba ndege gani inatumia saa mbili na nusu kwa kilometa mia tisa, ningegundua.  Nilimfikiria baba kwenye kile kilima, anageuka nyuma.

"Nimekosea, mayu," nikasema. "Mstari niliopima ni wa kweli, lakini siyo unaopitwa na ndege hii. Sikutazama inatua wapi."

"Sasa ni mbali kiasi gani?"

Ndege ilikuwa imesimama, watu wengine wanashuka, wengine wanapanda. Nikamwomba kalamu dada mhudumu, nikachukua ule mfuko wa karatasi waliouweka kwa ajili ya watu wanaotapika, nikaanza upya. Kabla hawajatuambia tuzime simu nilishachukua digrii za Mwanza. Geti dogo la kwanza, Chato hadi Mwanza. Geti kubwa la pili, Mwanza hadi Dar es Salaam. Safari hii sikusahau mbavu za mwavuli. Yule dada alipita mara mbili, na mara ya tatu akasimama.

"Samahani kaka, unajisikia vibaya?"

"Hapana, dada. Nampimia mama umbali."

Akatazama mfuko umejaa namba, akatazama mama, ambaye alikuwa amekaa wima kama mtu anayesubiri hukumu ya baraza.

"Mwache amalize," mama akamwambia.

Tulikuwa tumeshapaa tena, mawingu yako chini yetu, nilipopata jibu. Mia moja arobaini na sita, na mia nane hamsini na moja.

"Mia tisa tisini na saba," nikasema. "Zimeongezeka kilometa arobaini na tisa."

"Kwa miguu?"

"Siku arobaini."

Nilitegemea anikaripie. Badala yake akaegemeza kichwa kitini, akafumba macho.

"Siku arobaini, kama za mzazi," akasema. "Hiyo ndiyo nitakayomwambia mdogo wako. Asingeniambia mtu kwamba amekosea mwaka ule, ningeshukuru sana." Akafumbua macho. "Hapana, nimesema vibaya. Ningeshukuru kama angeniambia."

Nilimwelewa mara zote mbili. Nikakunja mfuko, nikautia mfukoni mwa shati. Tangu hapo mpaka Dar alilala, mguu wake umenyooka mbele, na mimi nilikaa macho nikitazama bawa la ndege na misumari yake iliyolazwa sawasawa. Nilitamani kujua ni fundi gani aliyeifanya.

Mdogo wangu alitupokea akiwa mzito kweli, amejishika kiuno. Alimkumbatia mama kwa ubavu, maana kwa mbele haikuwezekana.

"Pole na safari, mayu. Mmechoka?"

"Kilometa mia tisa tisini na saba," mama akamjibu. "Kaka yako alisahau Mwanza, lakini ameirekebisha."

Mtoto alizaliwa Jumapili, wa kike, mzima kabisa. Nilimbeba dakika chache, nikamrudishia bibi yake, na kesho yake alfajiri nikapanda basi. Mama alikaa kule miezi mitatu. Mdogo wangu ananiambia kwamba majirani waliokuja kumtazama mzazi walikuwa wakimuuliza bibi ametoka wapi, na kabla hajataja jina la mahali alikuwa anataja kwanza kilometa.

Nyumbani nilimkuta mwalimu anasubiri geti lake. Nilimsimulia habari ya Mwanza bila kuficha kitu. Alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akaniomba nije siku moja darasani kwake na fremu ya geti, niwaonyeshe wanafunzi jinsi ninavyopima kona hadi kona. Nikasema nitakuja. Sikumwambia kwamba tangu nimalize shule sijawahi kusimama mbele ya ubao.

Nilikwenda Jumanne moja asubuhi, fremu nimeifunga nyuma ya pikipiki. Mambo yalikwenda vizuri kuliko nilivyotarajia. Nilipinda fremu makusudi, nikawapa futi kamba, wakapima wenyewe na kuona vipimo viwili vinakataa kulingana. Kisha nikaichora safari yetu ubaoni, pamoja na kosa langu. Walipiga meza kwa kicheko. Hapo msichana mmoja wa mstari wa mbele akanyoosha mkono.

"Fundi, mjomba wangu anakwenda Guangzhou kuchukua bidhaa. Kutoka Chato hadi kule ni kilometa ngapi?"

Nikafanya geti. Digrii za kaskazini, digrii za mashariki, kona hadi kona. Nikapata kilometa elfu tisa na mia tano. Nilipogeuka nikamwona mwalimu ameshika chaki yake.

"Kwa Dar, fundi, geti lako la kwanza lilikosea kilometa mbili," akasema. "Hapa limekosea zaidi ya mia mbili. Na safari hii hata kuzidisha upana kwa kosaini hakutoshi. Mbali namna hii dunia haikubali tena kulazwa kwenye shiti, unapaswa kuipima ikiwa duara."

Akaanza kuandika fomula nyingine, ndefu, yenye saini na kosaini zimefuatana kama mabehewa ya treni. Niliweka futi kamba mezani. Nafasi ilikuwepo kwenye dawati la nyuma kabisa, nikaenda kukaa, nikaazima kalamu na karatasi kwa msichana aliyekuwa jirani yangu, nikaanza kunakili. Mstari wa kwanza niliuelewa. Wa pili nao, baada ya kuusoma mara mbili. Wa tatu ulinishinda, nikanyoosha mkono.